Nyumba za Mabinti: Wanawake na Mji wa Mawe wa Lamu

Mji wa mawe wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa na mafundi wanaume, lakini umbo lake limetokana kwa kiasi kikubwa na haki za wanawake. Miongoni mwa waungwana, hasa biashara ilipostawi karne ya 18, baba alimpa binti yake nyumba alipoolewa, na bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Hata talaka ikitokea, mwanamke alibaki kwake.

Kwa hiyo mwenye mabinti hakuwa na budi kujenga. Viwanja vilikuwa haba, na binti hakupelekwa mbali na mama yake. Iliongezwa orofa juu ya nyumba ya wazazi, au ukajengwa wikio, yaani chumba kinachovuka kichochoro kikiegemea kuta za pande zote mbili. Jamaa wa kike waliweza kutembeleana bila kushuka njiani. Vichochoro vyenye kivuli vinavyowavutia wageni leo ni matokeo ya zawadi za harusi na urithi kama vilivyo matokeo ya jua kali.

Nyumba yenyewe ilimweka mwanamke kwenye kiini. Wageni wanaume waliishia kwenye baraza za mawe za daka, yaani ukumbi wa mlangoni, au wakapandishwa sabule, chumba cha juu chenye ngazi yake. Baada ya kiwanda, ua usio na paa, vilifuatana vyumba vya msana wa tini, msana wa yuu na ndani, kila kimoja sakafu yake ikiinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Vyote vilikuwa virefu na vyembamba, maana boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari pana. Ndani ndimo alimokaa bibi mwenye nyumba, mbele ya ukuta wa zidaka: safu za vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, vilivyopambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Nyuma yake palikuwa na nyumba kati, mahali pa uzazi na pa kuoshea maiti.

Heshima hiyo haikuwafikia wanawake wote, na historia ya majumba haya haikamiliki bila kusema hivyo. Wajakazi waliishi orofa ya chini, wakipika, wakiteka maji na kulea watoto wa waungwana, bila kumiliki hata chumba. Utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, familia nyingi zilipoteza nguvu kazi iliyokuwa ikiyatunza majumba hayo.