Tawi la Mpingo Sebuleni

Mpingo ni mti uliojaa vifundo. Shina hujipinda, mara nyingi lina uwazi katikati, na matawi huanza karibu na ardhi. Fundi wa vitanda huupita. Mchongaji wa Kimakonde hukaa nao, akiuzungusha polepole mpaka aone kifundo kipi kitakuwa goti na pindo lipi litakuwa shingo. Ndipo anaposhika tezo.

Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Walichonga pia kwa ajili ya soko: wazee, wanawake wenye mitungi, wawindaji. Mtindo huo uliitwa binadamu, nao ulidai gogo lililonyooka.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa alivunjikiwa mkono wa sanamu, akaichonga upya ikawa kiumbe cha ajabu, kisha akaipeleka kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa sanaa Dar es Salaam. Peera aliipenda, akataka nyingine. Hivyo ndivyo mtindo wa shetani ulivyoshika kasi, na tawi lililopinda likapata thamani. Nafasi kati ya matawi mawili ikawa sehemu ya sanamu. Weupe wa nje ya mti ukaachwa pembeni mwa weusi wa kiini.

Mtindo wa dimoongo, watu waliopandana mabegani, ulianza nao katika miaka hiyo. Baadaye ukaitwa Ujamaa, jina lililoenezwa na siasa za Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama. Desemba 1962, akiwa ndiyo kwanza ameapishwa kuwa Rais, Mwalimu alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Sanaa iliyokuwa ikinunuliwa na wageni ilianza kuonekana kama mali ya Mtanzania mwenyewe. Ndiyo maana sanamu ya Kimakonde haionekani ngeni katika sebule ya Mzanaki au Mjita wa upande wa Butiama, mbali sana na Mtwara kwa Wamakonde.

Anayenunua aipime kwanza kwa mkono. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu hauwezi kuiga uzito huo. Nyumbani isiwekwe juani, maana itapasuka.

Shida ya leo ni upatikanaji. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na viwanda vya zumari za Ulaya, hasa klarineti na obo, huutaka kwa hamu. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Huko Kilwa, misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, na wanavijiji huuza magogo kwa mpango. Lakini viwanda huchagua mbao zisizo na dosari. Vipande vyenye vifundo, ambavyo kiwanda hakivitaki, vinastahili kupewa njia rasmi ya kumfikia mchongaji kwa bei anayoimudu.