Vikundi vidogo vya kanisa katika Thika na Ruiru

Vikundi vidogo vya kanisa ni makundi ya waumini wachache, mara nyingi majirani wa mtaa mmoja, wanaokutana nje ya ibada ya Jumapili kusoma Biblia, kuomba na kusaidiana. Katika Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyo kando ya barabara kuu itokayo Nairobi, madhehebu makubwa yote yanavyo, ingawa kila moja lina jina lake. Wakatoliki wana Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo wengi huziita jumuiya tu, au mwaki wanapozungumza Kikuyu. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) hugawa kila ushirika katika mitaa iliyo chini ya uangalizi wa wazee wa kanisa. Waanglikana, ambao Dayosisi yao ya Thika ilianzishwa mwaka 1998, wana ibada za majumbani pamoja na vyama kama Mothers' Union. Wapentekoste wana seli. CITAM, kanisa lililoanza Nairobi mwaka 1959, huviita vikundi vyake Safari Groups.

Kwa mtu aliyehamia juzi, kikundi ndicho mlango halisi wa kanisa. Mtu anaweza kuhudhuria Misa au ibada ya Jumapili mwaka mzima, akatoa sadaka na kurudi nyumbani, bila yeyote kujua jina lake wala ploti anayoishi.

Asili

Kwa Wakatoliki uamuzi ulitoka juu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walikubaliana Nairobi mwaka 1973 kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya za wenyeji, na mkutano wao wa 1976, pia Nairobi, ukaufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kazi ya kwanza ya kichungaji. Mapadri walikuwa wachache na vigango vingi, lakini hiyo haikuwa sababu pekee. Maaskofu walitaka kanisa ambamo waumini wanajuana kwa majina na wanabebeana mizigo, na hilo haliwezekani katika parokia yenye maelfu ya watu.

Kwa Waprotestanti mzizi ni wa zamani zaidi, nao ulitoka chini. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, uliletwa Kabete nchini Kenya na kundi la wahubiri mwaka 1937. Waliookoka, ahonoki kwa Kikuyu, walikutana majumbani, wakaungama dhambi zao waziwazi mbele ya wenzao na kuitana ndugu bila kujali kabila wala cheo. Wakati wa vita vya Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na baadhi wakauawa. Vikundi vya nyumbani vya PCEA na Waanglikana vya leo katika eneo hili vina deni kubwa kwao.

Seli za Kipentekoste zimeathiriwa pia na mfano wa mbali: mchungaji David Yonggi Cho wa Seoul, Korea Kusini, alianza kuwagawa waumini wake katika vikundi vya majumbani mwaka 1964, na utaratibu wake ukaigwa duniani kote.

Kujiunga

Mkatoliki anayehamia Kihunguro, Kimbo au Makongeni hachagui jumuiya kwa kupenda. Jumuiya yake ni ile ya mahali anapolala. Anauliza ofisi ya parokia au mwenyekiti yeyote baada ya Misa, anaelekezwa nyumba ya wiki hiyo, na siku ya kwanza anaombwa asimame aseme jina, alikotoka na anakoishi. Katibu anamwandika katika daftari. Kila jumuiya ina mtakatifu wake wa somo, ambaye sikukuu yake huadhimishwa kwa Misa na chakula, na ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaochaguliwa na wanajumuiya wenyewe.

Kwa Wapentekoste uchaguzi ni mpana zaidi. Wapo wanaogawanyika kwa mtaa, na wapo wanaogawanyika kwa rika au hali: vijana, wanandoa wapya, kina mama. Katika kanisa la Mavuno la Nairobi muumini hupitia kwanza kozi ya wiki 10 iitwayo Mizizi, na waliomaliza pamoja huendelea kama kikundi kimoja. Utaratibu huo una faida iliyo wazi: watu wanaingia katika kikundi wakiwa tayari wamezoeana.

Jumuiya ina nguvu nyingine isiyosemwa sana mimbarani. Mzazi anayetaka mtoto abatizwe, au wachumba wanaotaka kufunga ndoa, kwa kawaida huulizwa jumuiya yao, na mwenyekiti ndiye anayethibitisha kwamba anawajua. Utaratibu huu huwaleta wengi ambao wasingekuja, lakini pia huwafanya baadhi waione jumuiya kama dirisha la kuchukulia barua. Mwenyekiti anayeweka sahihi bila kuuliza lolote anaidhoofisha jumuiya, na anayemzungusha mama mwenye mtoto mchanga miezi mitatu kwa sababu ya michango anaiumiza zaidi.

Mkutano wenyewe

Mkutano wa kawaida hufanyika jioni ya siku ya kazi au Jumapili baada ya Misa, katika nyumba inayobadilika kila wiki. Katika ploti za Ruiru nyumba hiyo huenda ikawa chumba kimoja: kitanda kimefichwa kwa pazia, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, na juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe kuna msalaba, Biblia na mshumaa. Watoto wanakaa mkekani. Waliochelewa wanasimama mlangoni, karibu na viatu.

Jumuiya nyingi hufuata hatua saba zilizoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Bwana anakaribishwa kwa sala, Injili inasomwa, kila anayetaka anarudia kwa sauti neno au kifungu kilichomgusa, kisha kimya. Baada ya kimya watu wanashirikishana, halafu inajadiliwa kazi ambayo kikundi kimeitiwa kufanya, na sala inafunga. Hatua ya sita, ile ya kazi, ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi muda ukibana, nayo ndiyo inayotofautisha jumuiya na kikundi cha sala tu. Ni pale inapoamuliwa nani aende kumtazama mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya Thika Level 5, au nani amsemeze kijana aliyeacha shule.

Wakati wa Kwaresima mijadala hufuata kijitabu cha kampeni kinachotolewa na Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wa Kenya. Kila wiki ina mada, kama vile ufisadi, familia au uchaguzi, nayo hupitiwa kwa mpangilio wa tazama, amua, tenda. Mei na Oktoba ni miezi ya Rozari.

Suala la chai linastahili uangalifu. Jumuiya zenye busara hukubaliana mapema kwamba mwenyeji asipike, au awe na chai pekee, maana familia ikilazimika kukopa ili kuwakaribisha wenzao, wiki ya zamu yake inayofuata itafunga mlango.

Msiba na fedha

Hakuna mahali thamani ya kikundi inapoonekana kama msibani. Mpangaji anapofiwa, kikundi huja kila jioni kuomba na kuchangisha, huku mweka hazina akipokea michango kwa M-Pesa na kuitangaza katika WhatsApp. Wanajumuiya husafiri na familia hadi Murang'a, Kitui, Kisii au popote penye kaburi. Pasipokuwa na kikundi, kazi hiyo huwaangukia wenzake wa kazini na jamaa wachache.

Vikundi vingi vimezaa pia chama cha mzunguko. Ni msaada mkubwa kwa wafanyabiashara wadogo wa soko la Makongeni au la Ruiru, mradi daftari lake litengwe na la jumuiya. Yakichanganywa, asiyelipa chama huona aibu kuja kuomba.

Changamoto

Ruiru ilikuwa na wakazi karibu 240,000 katika sensa ya 2009 na zaidi ya 490,000 katika ile ya 2019. Thika ilivuka 250,000. Wengi ni wapangaji wanaohama kodi ikipanda, na barabara ya njia nane iliyofunguliwa mwaka 2012 haikuondoa msongamano wa jioni pale Githurai. Anayefanya kazi Nairobi hufika nyumbani usiku, na wa zamu za viwandani Thika hana jioni inayojirudia. Ndiyo maana wanaume ni wachache, na ndiyo maana vikundi vilivyohamishia mkutano Jumapili alasiri au alfajiri ya Jumamosi hupata sura mpya. Majengo ya ghorofa yenye lango na mlinzi huleta kizuizi kingine: mjumbe wa jumuiya hawezi tena kubisha mlango kwa mlango.

Makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikundi vilihamia WhatsApp na Zoom. Yalipofunguliwa Julai, ibada ziliwekewa kikomo cha watu 100 na saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Rozari ya simu ya saa tatu usiku iliyoanza wakati huo imebaki katika vikundi kadhaa, hasa kwa wauguzi na madereva wasioweza kufika.

Anayehama hushauriwa kumuaga mwenyekiti na kuchukua barua ya kumtambulisha aendako. Wengi huondoka kimya na kubaki katika kundi la WhatsApp la mtaa wa zamani kwa miaka, wakichangia misiba ya Kimbo huku wakiishi Juja.