Utambuzi wa chimbuko la zana za mawe

Utambuzi wa chimbuko la zana za mawe ni kazi ya akiolojia ya kutafuta mwamba ambako jiwe la zana lilitoka, ikiwezekana bila kuikata wala kuisaga zana yenyewe. Zana ikimegwa, alama za mchongaji na za matumizi hupotea, wala hazirudi.

Kwa macho. Mtaalamu huanza na lenzi, akitazama rangi, chembe na ganda la nje. Umuhimu wa ganda unaonekana Gulwe, wilayani Mpwapwa, ambako Mto Kinyasungwe hukokota mawe. Ganda laini la mviringo huashiria jiwe lililookotwa mtoni. Ganda lenye kingo kali huashiria lililotwaliwa karibu na mwamba wake. Jiwe kuwa mbali na kwao, basi, hakutoshi kuthibitisha kwamba lilibebwa na mtu.

Kwa eksirei. Kifaa cha mkononi huelekeza eksirei kwenye jiwe, na kila elementi hujibu kwa nishati yake. Viwango vya rubidi, stronti, zirkoni na niobi hulinganishwa na vya miamba inayojulikana. Uchafu, uso uliopinda au kipande chembamba mno hupotosha kipimo.

Njia hii hufaa zaidi kwa obsidiani, kioo cha volkano, kwa kuwa vyanzo vyake hutofautiana kikemia. Mwaka 1984 watafiti Harry Merrick na Francis Brown walionyesha kwamba obsidiani ya pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ilitoka bonde la Naivasha nchini Kenya, umbali wa takriban kilomita 320. Wakati huo uchambuzi ulihitaji kumega kipande kidogo.

Ugumu wa kwatzi. Zana nyingi za nyanda za kati za Tanzania ni za kwatzi, ambayo karibu yote ni silika, hivyo elementi za kuitofautisha ni haba. Hali ndiyo hiyo katika pango la Kisese II, wilayani Kondoa, palipochimbwa na Mary Leakey mwaka 1951 na Ray Inskeep mwaka 1956. Mabaki yake yalichunguzwa upya zaidi ya nusu karne baadaye. Hiyo ndiyo faida ya kutunza zana zikiwa nzima: swali lisilojibika leo hubaki na jiwe la kuuliziwa kesho.