Jiwe Lililoota Puani

Mtoto anayenuka puani hutengwa. Wenzake husogea mbali naye kwenye benchi, wazee hunong'ona habari za kurogwa, na mwalimu naye, nasema kwa aibu, hudhani haogi. Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo hapa Ruponda. Kumbe ugonjwa wake waliuandika matabibu tangu zamani.

Mwaka 1654 Thomas Bartholin, tabibu wa Copenhagen katika nchi ya Denmark, alieleza habari za jiwe lililokua ndani ya pua, likiizunguka kokwa ya tunda dogo liitwalo cheri. Jambo lenyewe huanza hivi: mtoto akicheza hutia kitu katika mwanzi wa pua, kama ushanga, kokoto au karanga (nazo kwetu ni tele, hata Waingereza walikuja kuzilima Nachingwea kwa mashine, wakashindwa, wakauacha mradi wao mwaka 1951). Hamwambii mtu, kisha husahau. Kamasi zina chumvichumvi ndani yake, nazo huganda juu ya kitu kile kama ukoga juu ya meno, mwaka baada ya mwaka, mpaka kimekuwa jiwe. Wengine hutambuliwa wakiwa watu wazima.

Matabibu wa kale walichungulia kwa mwanga wa taa, wakagusa kwa kijiti cha chuma na kusikia mkwaruzo. Kulitoa kulikuwa mateso, hata mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna alipoonyesha kuwa kokeini hutia ganzi jicho, na matabibu wa pua wakaifuata upesi njia ile. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei, na jiwe, kwa kuwa lina chokaa, huonekana jeupe pichani kama mfupa. Siku hizi iko na darubini nyembamba ya kuingizwa puani, maana uvimbe mwingine, hata saratani, huweza kufanana nalo.

Upande wetu huu upasuaji ulisogea karibu Daktari Leader Stirling alipotoka Lulindi kuja Mnero, mwaka 1949. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya.

Basi mzazi aangalie hivi: mafua hutoka mianzi yote miwili, bali kamasi zenye uvundo au damu zitokazo upande mmoja tu, siku nyingi, zina sababu nyingine. Jiwe halina dawa ya kunywa. Hushikwa kwa koleo dogo. Likiwa kubwa huvunjwa, na mtoto hulazwa usingizi, koo lake likilindwa ili kipande kisishuke mapafuni. Kuchokoa nyumbani kwa kijiti hukisukuma kitu ndani zaidi. Ikiwa ni betri ndogo ya saa, mpelekeni hospitali saa ile ile, kwani huunguza nyama ya pua kwa muda mfupi sana.

Jiwe la mwanafunzi wangu lilipovunjwa, ndani mlikuwa na ushanga mwekundu. Mama yake akautambua: ni wa mkufu uliokatika alipokuwa akimwachisha mtoto ziwa.