Faini, Hazina na Baraza: Habari za Hukumu katika Nchi ya Mpanda

Tabia ya serikali hutambulikana zaidi katika faini zake kuliko katika kodi zake. Kodi humfikia kila mtu, na kwa sababu hiyo huwa na wapingaji wengi. Bali faini humwangukia mtu mmoja mmoja, naye huwa amekwisha kuitwa mkosaji kabla hajafungua kinywa, hata akitaka kuuliza fedha yake imekwenda wapi, jirani zake humnasihi anyamaze na kushukuru kwamba hakufungwa. Kwa hiyo atakaye kujua kama watawala wa mahali fulani walikuwa watu wa insafu au wa dhulma, na atazame ni nani aliyemkamata mkosaji, ni nani aliyemhukumu, na ni nani aliyeipokea mali iliyotozwa. Nchi ya Mpanda, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi, imepitia takriban kila namna ya jawabu la maswali hayo matatu.

Kabla ya bendera za kigeni kupandishwa katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, nchi hii ilikuwa mikononi mwa watawala wa Wakonongo, Wapimbwe, Wabende na Watongwe. Stanley alipita Ukonongo mwaka 1871 akielekea Ujiji, na Livingstone akapita mwaka uliofuata katika safari yake ya mwisho. Na wasafiri wa zama zile, wawe Waarabu, Wanyamwezi au Wazungu, walijua kwamba aghalabu hapakuwa na njia pasipo hongo, yaani ushuru wa kupita. Mashauri ya raia yalisikilizwa mbele ya mtawala na wazee wake, na mkosaji alitoa mbuzi, jembe au nguo, ambavyo sehemu yake ilikuwa ya baraza, na sehemu yake ilimwendea yule aliyedhulumiwa, kwa kuwa kusudi la hukumu lilikuwa kupatanisha kabla ya kuadhibu. Watawala wale hawakuwa malaika, na walikuwamo miongoni mwao wenye tamaa. Walakini nchi ilikuwa pana na watu wachache, na raia aliyechoka kutozwa bila haki alifunga mizigo yake akahamia kwa mtawala mwingine. Kuhama ndiko kulikomwajibisha mkubwa.

Mlango huo wa kuhama ukaanza kufungwa taratibu. Mwaka 1879 kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo huko Karema, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa mapadre wa White Fathers. Kisha wakaja Wadachi, yaani Wajerumani, ambao boma lao la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, lilitazama nchi ya kusini mwa ziwa. Amri ya Kansela ya mwaka 1896 iliwapa wakuu wa maboma ruhusa ya kuwaadhibu wenyeji kwa viboko, kwa faini na kwa kifungo cha minyororo, nayo ikawataka waandike hukumu zao kitabuni. Lakini aliyeandika kitabu ndiye aliyekuwa mkuu wa askari, na ndiye aliyekuwa mkusanyaji wa kodi ya nyumba, na kitabu chenyewe hakikusomwa mbele ya wale waliopigwa viboko hamsa ishirini.

Waingereza walipokuja walijisifu kwamba wao ni watu wa sheria. Gavana Donald Cameron aliweka utawala wa kuwapitia machifu: Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ikawapa machifu uwezo wa kutoa amri, na Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ikayaondoa mabaraza yao katika uangalizi wa Mahakama Kuu na kuyaweka chini ya maofisa wa utawala, hata rufani ya mtu aliyetozwa faini ikawa yapanda kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, kutoka kwake kwa Mkuu wa Jimbo, na mwisho kwa Gavana, bila kumfikia jaji. Faini zikaingia katika Hazina za Wenyeji, na katika hazina hizo hizo ukatoka mshahara wa chifu, wa karani wake na wa tarishi wake. Fauka ya hayo, chifu aliyetoa amri ndiye aliyeketi kuhukumu walioivunja. Hapana haja ya kudai kwamba kila chifu alikuwa dhalimu. Yatosha kusema kwamba mwadilifu miongoni mwao alikuwa mwadilifu kwa hisani yake, wala si kwa kulazimishwa na sheria.

Mpanda ilizionja amri hizo kwa namna mbili. Kwanza ni malale: katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha watu wengi wa Jimbo la Magharibi, Wakonongo miongoni mwao, kutoka katika misitu ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa. Maradhi yalikuwa ya kweli na kusudi la tiba lilikuwa jema, lakini watu ambao babu zao walihama ili kuikimbia dhulma sasa walihamishwa kwa amri. Pili ni mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals, ambao kwa ajili yake reli ya tawi ilijengwa kutoka Kaliua ikafika Mpanda mwaka 1950. Hadi ilipokuja Sheria ya Ajira ya mwaka 1955, kibarua aliyeacha kazi kabla ya muda wake hakuwa mdaiwa wa tajiri wake tu. Alikuwa mhalifu aliyeweza kutozwa faini au kufungwa. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, na reli ikabaki.

Muda huo wote palikuwapo Baraza la Kutunga Sheria mjini Dar es Salaam, lililoketi kwa mara ya kwanza mwaka 1926, na Mwafrika hakuingia humo hadi mwaka 1945. Wenye kutozwa hawakuwa na wa kuwasemea. Ndipo mwaka 1958 Julius Nyerere, aliyekwisha kujiuzulu ujumbe wake katika baraza hilo, alipoandika katika gazeti la TANU maneno ya kuwashutumu wakuu wa wilaya wawili, akashitakiwa kwa kashfa, akahukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Alilipa. Yaliyomo katika hukumu ile yanastahili kukumbukwa: mtu alitozwa faini kwa sababu ya kuwadai watumishi wa serikali hesabu ya matendo yao.

Uhuru ulipopatikana, Bunge lilitengeneza mengi kwa muda mfupi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaanzisha mahakama za mwanzo chini ya mhimili mmoja wa hukumu, hata njia ya rufani ikafika Mahakama Kuu. Lakini mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, iliyoviweka viboko pamoja na kifungo kwa wezi na wala rushwa, ikamnyima hakimu nafasi ya kupima kosa. Kisha, kwa Katiba ya Muda ya mwaka 1965 na sheria ya mwaka 1966, ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ili raia wa kawaida apate pa kumshitakia mkubwa aliyetumia vibaya wadhifa wake. Tume ile haikuwa na uwezo wa kuadhibu. Taarifa yake ilikwenda kwa Rais. Hata hivyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na mrithi wake ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Katika zama zetu swali la zamani limerudi kwa sura nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, na wafugaji waliohamia na makundi yao ya ng'ombe wamekuwa wakikutana na askari wa wanyamapori mipakani mwa hifadhi na mapori ya akiba. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu kufifilisha makosa, yaani mkosaji akikiri hulipa fedha bila kufika mbele ya hakimu. Utaratibu huo huokoa muda wa pande zote. Lakini ni ndugu wa baraza la mwaka 1929, maana idara inayokamata ndiyo inayokadiria na kupokea.

Hatari ya kuziunganisha kazi hizo ilidhihirika mwaka 2013, Mkoa wa Katavi ukiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Operesheni Tokomeza, iliyoanzishwa dhidi ya ujangili, iliacha malalamiko ya mateso, vifo na ng'ombe waliouawa. Wabunge wakapiga kelele, ikasitishwa, na kamati iliyoongozwa na James Lembeli ikasoma taarifa yake Dodoma tarehe 20 Desemba. Siku hiyo mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao, mmoja wao, Khamis Kagasheki, akitangaza mwenyewe kujiuzulu mbele ya Bunge.

Waziri Mkuu aliyewatangazia wabunge uamuzi wa Rais alikuwa Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpanda na mwanasheria kwa elimu yake. Mwezi Juni wa mwaka huo huo yeye mwenyewe alikuwa amesema bungeni kwamba wanaokaidi vyombo vya dola wapigwe tu, na kwa maneno hayo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika wakamshitaki. Mahakama Kuu ikalitupilia mbali shauri hilo mwezi Juni 2014. Katika mwaka mmoja, basi, mwana mmoja wa nchi hii alisimama pande zote mbili za uwajibikaji: akiwa mpeleka habari za waliowajibishwa, na akiwa mtu aliyedaiwa hesabu ya neno lake.

Wabunge wanapojadili faini, mara nyingi hubishana juu ya kiasi: wengine hutaka ipandishwe ili mkosaji aogope, wengine ishushwe ili maskini asifungwe kwa umaskini wake. Mjadala huo una maana, lakini historia ya Mpanda yaonyesha kwamba faini ndogo inayotozwa na mkono ule ule unaoipokea hudhulumu kuliko kubwa inayokadiriwa na hakimu asiyefaidika nayo. Kwa hiyo marekebisho yatakayodumu ni yale yatakayozitenga kazi tatu: ya kukamata, ya kuhukumu na ya kupokea, na kila kosa lililofifilishwa porini au barabarani liandikwe, lihesabiwe na lisomwe bungeni kila mwaka, kama yasomwavyo mapato mengine ya serikali. Raia wa leo hana tena nchi tupu ya kuhamia akidhulumiwa; badala yake amepewa mbunge, na mbunge asiyeuliza faini zimekwenda wapi amemwacha bila mlango wowote.