Mtangazaji na Pazia la Opera

Tarehe 25 Desemba 1931, redio ya NBC ya Marekani ilirusha hewani opera nzima moja kwa moja kutoka jumba la Metropolitan Opera, New York. Ilikuwa Hänsel und Gretel ya Mjerumani Humperdinck. Mtangazaji alikuwa Milton Cross. Pamoja naye alikuwapo Deems Taylor, mtunzi wa muziki na mhakiki mashuhuri, aliyepewa kazi ya kumweleza msikilizaji yanayotendeka jukwaani. Akayaeleza huku muziki ukiendelea. Wasikilizaji wakalalamika. Ujuzi wake hawakuutilia shaka. Walitaka anyamaze ili waimbaji wasikike.

Tunakileta kisa hiki kwa sababu ubora wa mtangazaji wa muziki wa klasiki aghalabu hupimwa kwa wingi wa anayoyajua. Cross alipimwa kwa kipimo kingine. Mwaka 1929 alikuwa amekwisha kutunukiwa nishani ya dhahabu ya usemaji bora na American Academy of Arts and Letters. Alisimulia kisa cha opera kabla pazia halijafunguliwa, kisha akaliachia jukwaa. Majina ya Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa ilimpasa ayatamke wazi, maana wengi waliomsikiliza hawakuwahi kuingia katika jumba la opera, na picha yote waliipata kwa sikio. Kazi hiyo aliifanya hadi alipofariki Januari 1975, miaka 43 na ushei. Peter Allen akaipokea, akaishika hadi 2004. (Taylor naye, tusimwonee: ndiye aliyetambulisha muziki katika filamu ya Fantasia ya 1940, na humo alizungumza kabla ya kila kipande.)

Sisi walimu wa Kiswahili tunamfahamu Taylor vizuri mno. Katika vipindi vya kusikiliza huwasha rekodi ya taarabu, na kabla ubeti haujaisha tumekwisha kuifunika kwa msamiati. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alituomba, kwa adabu zote, "Mwalimu, turudie, lakini bila maelezo."

Tulirudia, tukanyamaza. Maneno matatu tuliyokuwa tumeyafafanua kwa bidii, darasa liliyapata lenyewe kutokana na wimbo. La nne, "hidaya", liliwashinda. Hilo tulilieleza wimbo ulipokwisha.