Sauti ya Chungu

Katika nchi ya Kosele, jirani na Oyugis, viazi vitamu ni chakula kinachojulikana katika kila nyumba. Mtoto aliyewekwa jikoni kuangalia chungu cha viazi hupata somo ambalo haliandikwi ubaoni. Kwanza chungu kiko kimya. Baadaye hutoa mnong'ono mdogo, kama mtu asemaye peke yake. Kisha maji huchemka, hutokota, na kifuniko huanza kutikisika. Mtoto akizubaa, maji hufoka, humwagika motoni, na moto hulia sss na kuzimika. Mpishi mwema haongozwi na macho tu, husikiliza pia. Ajuaye sauti ya kwanza ya chungu hatashangazwa na ya mwisho.

Wazee waliotuachia lugha waliisikia sauti hii, wakaona kwamba moyo wa binadamu hauko mbali na chungu. Kiswahili husema damu ya mtu imechemka. Mtu apandishaye sauti kwa ghadhabu husemwa kuwa anafoka, kama maji yapitayo ukingo. Aliyenyamaza huku uso umemvimba husemwa kuwa amefura. Hata kuchacha, ambako ni hali ya chakula kilichogeuka na kutoa povu, huwa pia hali ya mtu aliyekasirika sana. Mjaluo naye, akiwa na uchungu, husema "iya owang'", yaani tumbo langu limeungua. Lugha hizi hazikuzaliwa na mama mmoja, lakini zote mbili zimekwenda jikoni kutafuta jina la hasira.

Kiingereza kilikwenda huko huko. Mwanafunzi hukutana na vitendo vingi vya Kiingereza vyenye mlio wa s na z, akadhani vimetungwa kumtesa. Sivyo. "Hiss" ni mlio wa nyoka na wa mvuke uliogeuzwa kuwa neno. "Sizzle" ni mafuta yanapokutana na nyama kikaangoni. "Simmer" ni maji yaliyo karibu kuchemka, yanayonong'ona tu. Na mtu aliyeificha hasira yake hupewa neno hilo hilo. La ajabu kuliko yote ni "seethe". Zamani lilikuwa neno la mpishi, maana yake kuchemsha. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ndilo lililotumika katika amri ya kutomchemsha mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Leo hakuna mpishi alitumiaye; limehama jikoni likakaa moyoni, nalo husemwa juu ya mtu, au umati wa watu, wenye ghadhabu isiyopata njia. Tawi lake la kale, "sodden", lilikuwa na maana ya kilichochemshwa. Siku hizi ni kitu kilicholowa maji chapachapa.

Maneno haya yanatufaa nini katika historia? Yanatufundisha kusikiliza. Vitabu huanza habari siku umati ulipokusanyika au bunduki ilipolia, kana kwamba chungu kilianza kuchemka pale kilipofoka. Lakini moto huwashwa mapema zaidi. Tuitazame miaka michache ya nchi yetu, tuone.

Katika Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914, wanaume wengi wa Nyanza, ambayo sehemu yake kubwa wakati huo iliitwa Kavirondo, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Waliorudi walikuta njaa na homa kali ya mwaka 1918. Baada yake kilikuja kipande, cheti ambacho mwanamume alipaswa kukichukua kila aendako. Kodi ya nyumba ilipanda hata ikafika shilingi 16. Mwaka 1920 nchi iligeuzwa kutoka Himaya kuwa Koloni, na watu wakaogopa kwamba ardhi yao haikuwa yao tena. Mwaka 1921 walowezi wakapunguza mishahara ya wafanyakazi kwa theluthi. Kila jambo lilikuwa ukuni. Mtawala aliona kimya, akadhani ni ridhaa. Kumbe ulikuwa mnong'ono wa chungu.

Huko Nairobi kifuniko kilikandamizwa. Harry Thuku, aliyepinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Risasi zikapigwa. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliokufa, na wengine walisema walizidi sana. Thuku alipelekwa uhamishoni.

Nyanza uchungu ulikuwa ule ule, lakini ulitafutiwa maneno. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, kaskazini mwa ghuba. Mkutano huo na harakati zilizotokana nao ziliitwa Piny Owacho, maana yake "nchi imesema". Viongozi wake, akina Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikuwa watu wa elimu ya Maseno. Walizipanga huzuni za watu kuwa madai yanayohesabika: kodi ipunguzwe, wanawake wasitozwe, kipande kiondolewe, kambi za kazi za lazima zifungwe, shule ya serikali ijengwe, watu wapewe hati za ardhi, na jina la Koloni lifutwe. Julai 1922 Gavana Sir Edward Northey alikwenda Nyahera, karibu na Kisumu, akawasikiliza. Kambi zilikubaliwa kufungwa, na kodi ikashuka hadi shilingi 12.

Tusiseme kwamba walishinda yote. Jina la Koloni lilibaki hata mwaka 1963, na kipande kiliendelea kuwaning'inia watu shingoni kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1923, chama kilipowekwa chini ya Arkidikoni W. E. Owen, nguvu nyingi ziligeuzwa kupanda miti, kuchimba vyoo na kuua panya. Wapo waonao kwamba huo ulikuwa werevu wa kuvuta kuni mekoni. Kiingereza kina neno la mwisho wa namna hiyo, "fizzle", yaani kulia sss kidogo, kisha kufifia bila tunda. Lakini shilingi 4 zilizobaki mkononi mwa mwenye nyumba hazikuwa povu, na kijana aliyeepuka kambi ya kazi hakuliona jambo hilo kuwa dogo.

Basi hasira ina miisho mitatu, kama chungu kilivyo na miisho mitatu. Yaweza kufoka, ikamwunguza aliye karibu kabla ya aliyewasha moto. Yaweza kupoa bure, na chakula kikabaki kibichi. Au yaweza kuivisha. Inayoivisha ni ile iliyopewa maneno, ikasemwa kwa wakati wake mbele ya mwenye kupaswa kuisikia. Na hata hiyo huhitaji msikilizaji, maana Thuku naye alisema, na jibu lilikuwa risasi.

Ewe msomaji, ujifunzapo vitendo vya Kiingereza au vya lugha ya mama yako, usivihesabu kuwa mzigo wa mtihani tu. Watu wa Lundha hawakuwa na silaha iliyopita sentensi iliyopangwa vyema. Na siku utakapokabidhiwa madaraka, yawe ya darasa au ya wilaya, usingoje kifuniko kiruke. Tega sikio chungu kinaponong'ona.